Bamba la Shaba

Babu yangu, Zablon Amugune,
hakuiibia benki hata senti yenye tundu.
Aliiibia jina tu.

Nianze na sefu, maana ndiyo iliyotangulia.
Ilifuliwa Uingereza, ikavuka bahari,
ikapanda reli hadi reli ilipoishia,
na pale Kisumu ikashushwa juu ya magogo:
wanaume ishirini, kamba, wimbo wa kuvutia,
mmoja akabaki na mguu usiokanyaga tena sawasawa.
Yeye hayumo vitabuni. Uzito wa sefu umo.
Waliiweka chini kwanza, ndipo wakainua kuta,
benki ikaota kuizunguka
kama nyama inavyoota kuzunguka mwiba.

Meneja wa kwanza alizikwa kabla ya mvua za vuli.
Wa pili alichukia joto, akafungua asubuhi peke yake.
Pesa za pamba ziliingia, pesa za sukari,
na wakulima wa pamba yenyewe wakaishia barazani,
kofia mkononi,
wakisikia pesa zao zikihesabiwa ndani kwa lugha ya watu.

Mwaka wa arobaini na saba babu akateremka kutoka Maragoli,
viatu begani ili visichakae,
akapewa kanzu nyeupe, kitambaa na kopo la dawa ya shaba.
Kazi: mlango, na bamba lenye jina la benki.
Kila siku kabla ya saa mbili alilisugua
mpaka akajiona humo,
pua imekatwa katikati na herufi ya kwanza.

Akaunti hakuwa nayo. Aliuliza mara moja.
Karani, Bwana Premchand, alicheka bila ubaya:
"Zablon, una mlango mzima, wataka nini tena?"
Mshahara ukalala katika kopo tupu la dawa,
chini ya kitanda,
hauzai, haufi.

Bendera ikashuka. Benki haikushuka.
Ilibadilishiwa jina London, kwa barua,
kisha ikamezwa na kubwa kuliko yenyewe,
na Jumatatu moja fundi akaja na ngazi kupaka ubao.
Bamba hawakuling'oa. Walisema ni historia.
Basi babu akaendelea kuisugua historia,
miaka thelathini na mmoja,
hata meneja mgeni akavua miwani, akainama, akauliza,
"Hapa pameandikwa nini?"
Babu akajibu, "Usafi, bwana."

Kwetu kisa hiki huchekesha. Shangazi Rebeka hacheki.
Yeye husema babu aliijua kila herufi aliyoila,
na kwamba alianza na ile iliyomkata pua.
Mimi sijui. Shaba haitoi ushahidi.

Mwaka juzi tawi likafungwa.
Tuliitwa wateja wapendwa, kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni.
Jengo limekatwa vibanda: simu, nywele za bandia, miwani ya jua.
Changu kiko nyuma kabisa, kodi yake nafuu
kwa sababu ya sefu. Haikutoka.
Mlango ni mdogo kuliko yenyewe,
na ufunguo, wanasema, ulistaafu pamoja na mtu fulani.
Nimeifunika kitenge. Juu yake pana daftari langu
la kuweka na kutoa pesa, chaja, kikombe cha chai.
Mama Drusila anatuma mia tatu kwa mwanawe Maseno;
simu inalia mara moja, pesa imeshafika,
imepita juu ya chuma bila kukigusa.
Wateja wakiadimika huibisha hodi kwa kifundo cha kidole.
Sijui ningefanya nini ikiitika.

Bamba nililikuta Kibuye, kwa muuza vyuma chakavu,
kati ya mabomba na pasi ya makaa.
Alilipima: kilo mbili na robo.
Nikamuuliza, lingekuwa bado na maandishi yake
lingefika kilo ngapi?
Akanitazama kama mtu aliyekunywa jua.
"Dada, maandishi hayana uzito."

Hakumjua babu.