Hatua Mbili na Kiatu

Asubuhi ya Julai, Songwe.
Ukungu umelala juu ya lami kama mgonjwa
asiyetaka kuamshwa.
Mikono yangu imo ndani ya glavu za sufu
alizofuma mama mkwe kule Tukuyu;
moja imetoboka, kidole gumba kinachungulia baridi.
Nimeshika vijiti viwili vya rangi ya chungwa.
Ndiyo kazi: kuita chuma kwa mikono.

Ndege ilishatua. Watu wa nje
wakisikia magurudumu yakigusa, husema, haya, wamefika.
Sisi hatusemi hivyo.
Imefika ikizimwa. Imefika kabari zikiwa chini ya tairi.
Kabla ya hapo bado iko safarini,
hata kama safari yenyewe imebaki mita thelathini.

Inageuka. Pangaboi mbili,
kila moja duara la kijivu lisilohesabika.
Namwita rubani: njoo, njoo, kushoto kidogo,
macho yangu kwenye gurudumu la mbele
na mstari wa njano.
Njoo.

Ikasimama.

Sijavikutanisha vijiti juu ya kichwa.
Imesimama yenyewe, pua imeinama kama mtu aliyejikwaa,
nami nikakasirika. Kweli, nilikasirika:
nani huyu anayesimama bila kuambiwa?
Nikapunga tena.

Kwenye dirisha la upande wa kulia wa ndege
rubani msaidizi, Enesia Mwashilindi, akatikisa kichwa.
Akanyoosha kidole
kushotoni kwangu, nisikotazama.

Mkokoteni wa mizigo.
Unateremka peke yake, bila haraka,
kama ng'ombe anayejua zizi,
ukilielekea lile duara.

Lami yetu huonekana tambarare. Si tambarare.
Maji ya mvua yanajua.

Injini zikazimwa. Duara likapungua,
likawa mapanga sita, ukaweza kuyahesabu.
Mkokoteni ukagota kwenye ufa,
ufa ambao tangu Machi tunaomba uzibwe.

Ndani, waliniambia, mhudumu Tupokigwe alikuwa akisema,
"Kaeni, jamani, bado hatujafika,"
na bwana mmoja mwenye mfuko wa korosho
tayari amesimama, anacheka:
"Hatujafika wapi, na Mbeya hiyo naiona?"

Kapteni alishuka. Hakusema neno.
Akapima toka ncha ya panga hadi mkokoteni:
hatua moja, hatua mbili,
kisha akaweka kiatu.
"Nani aliuacha bila kabari?"

Kikombe changu kilikuwa bado kinafuka juu ya boksi.
Chai ya rangi, tangawizi nyingi.
Dakika mbili tu, nilijiambia,
kabari ikiwa mkononi.

"Mimi."

Aliandika kwenye fomu, herufi kubwa, polepole.
Enesia ndiye aliyesema,
si kwa ukali, kama mtu anayerudisha chenji:
"Nilikuwa nakutazama wewe.
Nikaona wewe unatazama mstari tu.
Basi nikatazama kwingine."

Jioni, Mbalizi, nimevua buti.
Nikapima toka jiko la mkaa
hadi godoro analolala Lugano:
hatua moja, hatua mbili,
nikaweka kiatu.

Mtoto akafumbua jicho moja.
"Baba, unapima nini?"

"Chai," nikamwambia. "Lala."