Nukta ya Chaki

Lori la Korogwe limerudi kinyumenyume
hadi mlango wa kiwanda, Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani.
Mbao mbili zimeegemezwa, mita nne kila moja,
zinanuka nazi iliyochacha.
Baba amevua shati, amelikunja,
amelilaza juu ya tandiko la baiskeli kama amana ya mtu.

Mwalimu Akwilina alisema: tafuteni gimba linalotembea,
gumu, lisilopinda wala kubonyea,
mhesabu kila kani na kazi yake.
Wenzangu wakachora magurudumu ya kitabuni.
Mimi nina pipa. Kilo mia na themanini,
na nyuma yake baba.

Nimekaa juu ya gunia la mashudu, ninaandika.
Uzito unavuta chini, pipa linapanda mita moja na robo:
jouli elfu mbili mia mbili na hamsini, deni.
Mbao zinasukuma kwa ubavu, pembe mraba na safari,
hazitoi, hazipokei. Sifuri.
Msuguano wa ubao.
Hapo nilisita.
Ndio unaolifanya pipa libiringike lisiteleze,
umeng'ata chuma kwa meno,
nao haufanyi kazi?

Usitazame pipa zima, alisema Mwalimu.
Tazama pale panapogusa.

Basi nikachukua chaki, nikatia nukta mgongoni mwa pipa.
"Unalitia hirizi?" akauliza karani Mbaruku.
Baba akasukuma.
Nukta ikapanda nyuma, ikavuka juu
mbio kuliko pipa lenyewe,
ikashuka mbele, ikapunguza, ikapunguza,
ikafika ubaoni
ikasimama.
Hakuna saa ya kupima kitambo kile,
lakini ilisimama, na pipa zima likazunguka juu yake
kama mlango juu ya bawaba.
Halafu ikanyanyuka.
Kwenye ubao zilibaki nukta mbili, safi, hazina mkia.
Kani ipo, ila mahali ilipo hapaendi popote.
Sifuri. Nikaipigia mstari, nikajiona bingwa.

Pipa la saba, katikati ya mbao, simu ya bosi ikalia.
"Hizza, ngoja kidogo."
Baba akangoja, bega kwenye chuma,
goti likicheza ndani ya suruali.
Dakika tatu.
Mhamo: hakuna. Kazi: hakuna.
Niliandika kwa herufi ndogo
na daftari nikaligeuza upande.

Nyumbani Makorora, ananawa, kisamvu kinapoa.
"Mwanakombo, chaki yako haitoki."
Akanyoosha viganja.

Haikuwa nukta.
Ulikuwa mstari, mweupe, mrefu,
kuanzia kifundo hadi ncha za vidole,
umepita juu ya sugu, umepita juu ya lengelenge bichi.

Mshale wa mikono yake nilikuwa nimeuchora kwenye kitovu cha pipa,
kama wanavyochora vitabuni,
kana kwamba anasukuma wazo.
Kumbe anasukuma mgongo,
na mgongo wa pipa hupanda
wakati mikono inakwenda mbele tu.
Chuma kinapita juu ya ngozi.
Ubaoni nukta, kiganjani mstari:
msuguano jina moja,
mmoja umelala, mwingine unakula.

Siku ile alikula kwa kijiko.

Nikafungua daftari, nikafuta jibu la mwisho.
Mbao mita nne, basi mita nne za chuma kiganjani,
kwa pipa moja.
Yalikuwa thelathini na moja.
Mita mia moja ishirini na nne.
Kilichobaki ni kani, na kani sikuijua.
Nikamwomba anisukume bega,
kwa nguvu ileile anayolisukumia pipa, nikadirie.
Akanitazama, akalamba kijiko.
"Utaanguka," alisema.