Dakika ya Kumi na Saba

Al-Khoudh, ghorofa ya pili. Tulizima kiyoyozi
kisituharibie sauti,
tukatoka jasho kwa adabu, mimi na Muhanna,
kinasa sauti juu ya takia, kando ya halua.

Bi Ghaniya akasimulia kwa Kiswahili cha utotoni,
akiyapapasa maneno kama funguo gizani.
"Na usiku tukiwasha… kile kidude… cha bati, kina utambi…"
Mkono ukabaki hewani.
Sisi, wajukuu wa Maskati, hatukuwa na la kumpa.

"Kibatari," ikasema sauti kutoka jikoni.

Bibi akacheka. Tukaendelea.

Usiku, bwenini, spika masikioni, ndipo nikasikia:
bomba linafungwa kwanza,
kisha neno.
Kumbe alikuwa akisikiliza tangu mwanzo, sahani mkononi.
Mhariri wetu kaandika pembeni: Kelele. Kata.

Kipindi chetu kinaitwa Lugha za Nyumbani.
Tuliuliza miaka, meli, mababu hadi wa saba.
Yeye tulimwambia asante kwa kahawa.

Kesho narudi. Betri nimechaji.
Sijui tu, mlangoni, niseme namtaka nani.