Bomba Linakoroma

Ghorofa ya nne, Łódź, Januari.
Theluji imeziba kingo za dirisha,
na nyuma ya kochi la Bogumil
kuna bahari ya lita mia tatu
inayokoroma kama mlevi.

Gu-gu-gu. Kimya. Gu.
Maji yanashukia tangi la chini
yakiiburuta hewa kwa mkono,
yanaitema humo, povu tele,
na pampu, isiyojua kuchagua,
inalipandisha lote juu tena:
viputo vyembamba kama vumbi
vinamgandia samaki wa manjano mgongoni.

Halszka ni muuguzi wa zamu ya usiku.
Hulala mchana. Au hujaribu.

Debe tupu haliachi kuvuma,
na bomba nusu tupu ni debe lililosimama wima.
Basi Bogumil anapiga magoti, tochi mdomoni,
chumvi imemkausha kucha,
anaibana koki. Kiasi cha unywele. Unywele tena.
Mdomo wa bomba anauzamisha vidole viwili,
kati ya kuta za kioo anashindilia sponji,
anangoja.

Hewa inapiga kwikwi ya mwisho.
Bomba linajaa, shingo hadi kisigino,
na kilichojaa hakisemi.

Saa nane mchana. Hata friji inasikika.

Mlango wa chumbani unafunguka:
Halszka, nywele timtim, shuka begani.
"Umeizima bahari?"
"Nimeinyamazisha."
"Samaki wazima?"
"Wazima."
Anasimama peku kwenye zulia lililolowa,
anasikiliza, anasikiliza.
"Siwezi kulala hivi," anasema,
na tochi ingali inawaka mkononi mwa Bogumil.