Senti Yenye Tundu

Torkild huja Jumamosi, viazisukari vikishang'olewa,
shamba liko uchi, udongo umeng'ang'ania buti kama mdai.
Alikuwa tarishi wa posta miaka thelathini na miwili
na bado anatembea kama mwenye barua mkononi
asiyeiona namba ya nyumba.
Mashine yake ya kunusa chuma aipeleka kushoto, kulia,
taratibu, kama anayefagia sebule ya mkwewe.

Mimi ndiye mwenye shamba. Nakaa juu ya trekta,
nanywa kahawa ya chupa, namtazama.
Miaka arobaini nimelima hapa,
kila jiwe nalijua kwa tusi lake,
na huyu, kwa masikio tu,
anasoma chini ya jembe langu.

Ti. Anapiga magoti.
Kifuniko cha bia.
Ti. Msumari. Ti. Jino la haro ya Baba.
Ti. Risasi, ya Mjerumani au ya mwinda sungura, nani ajuaye.
Vyote avitia kwenye kopo la rangi kiunoni,
maana, asema, taka ukiirudisha ardhini
utaipigia magoti tena mwakani.

Kisha Novemba, mvua ya manyunyu, akapiga ukelele.
Nusu ya sarafu.
Nyembamba kama gamba la samaki, imekatwa kwa mkasi,
kwa kuwa zamani zile, asema, chenji ilikuwa mkasi:
bei ikiwa nusu, unampasua mfalme katikati.
Mfalme alibakiwa na jicho moja na kipande cha taji.
Torkild, miaka sabini na mmoja, kamasi zikimtiririka,
akacheka hadi akaketi matopeni.

Nami nikawaza: mtu aliinama papa hapa
akapapasa gizani hadi kucha zikafa ganzi,
akarudi nyumbani bila chumvi,
akasema, Imedondoka.
Furaha ya Torkild ni hasara ya mtu
iliyochelewa njiani, kama barua.

Jumatatu akaja Bi Sidsel wa makumbusho.
Sheria yetu hapa Lolland haina mzaha:
fedha ya wafu ni ya Serikali.
Akaipima, akaandika, akailaza kwenye kijisanduku cha pamba.
Torkild aliisindikiza hadi garini
kama anayemsindikiza binti stesheni.

Aliporudi, akamwaga kopo lake mezani kwangu.
"Hizi utatupa wewe."
Na kati ya vifuniko na misumari,
senti ishirini na tano, yenye tundu katikati,
mwaka sitini na saba.

Nilikuwa na miaka minane. Mama alinituma hamira.
Nilikata njia shambani, senti jichoni,
nikilichungulia jua kwenye tundu lake,
nikajikwaa.
Nilirudi mikono mitupu. Nikasema, Imedondoka.
Baba akauliza, Peremende zilikuwa tamu?
Akavua mkanda.
Mkate wa wiki ile ulitoka bapa kama kigae,
na kila aliyeutafuna alinitazama mimi.
Alipokuwa akikata roho hospitalini
nilimwinamia nimwambie tena: ilidondoka, Baba.
Nikamuuliza kama ana kiu.

"Ina thamani hii?"
"Hiyo?" Torkild alikuwa anatafuta kofia yake.
"Zilitengenezwa kama punje za mchanga."
Basi huenda si yangu. Watoto wangapi walilikatiza shamba hili,
mikanda mingapi ilivuliwa.
Shahidi amefika, hata hivyo,
na hakimu yuko makaburini, mstari wa tatu, karibu na bomba.

Nimeisugua kwa siki. Haikung'aa.
Inakaa kwenye trekta, juu ya dashibodi, pamoja na skrubu.
Siku nyingine naiweka jichoni:
kiduara cha shamba, kijivu,
na ndani yake Torkild, mdogo kama mchwa,
anapiga magoti.