Koleo la Siku ya Tatu

Jumatano usiku tuliingia watu kumi na tisa
nyumbani kwa Bibi Lempi, kwenye choo kimoja,
theluji ikitusukuma mgongoni kama askari wa zamu.
Viatu vilifurika ukumbini, vya kulia vikipoteza vya kushoto,
na Bibi, mwiko mkononi, akatugawia pa kulala
kama agawaye karata:
watoto chini ya meza;
Tess chumba hiki, mchumba wake kile
(kijana wa Arizona, kaja na raba za turubai);
shangazi Sylvi na mikoromo yake peke yao,
kwa usalama wa taifa;
kisha, bila kuinua macho,
"Arvo na Karl, kochi la kukunjua."

Hata friji ilikoma kunguruma.

Miaka sita baba na baba mkubwa hawasemeshani,
tangu msitu wa misonobari wa babu uuzwe
kwa karatasi yenye sahihi moja
iliyopaswa kuwa na mbili.
Mimi ndiye daraja lao.
"Mwambie baba yako anipe chumvi."
Na chumvi hupita mikononi mwangu
kama mfungwa anayebadilishwa mpakani.

Alhamisi tulishukuru.
Bata mzinga alitoka jikoni, mzito, anang'aa,
tukashikana mikono, kila mtu ataje jambo moja.
Sylvi alishukuru goti lake jipya.
Kaisa, miaka minne, alishukuru mkia wa paka.
Mchumba alishukuru soksi alizoazimwa.
Baba alishukuru hali ya hewa.
Baba mkubwa naye, hali ya hewa,
na nje upepo ulikuwa unavunja matawi.

Ijumaa, viporo.
Viporo na mpira kwenye televisheni,
viporo na fumbo la picha la vipande elfu moja
ambalo mbingu yake yote ni kijivu kilekile.
Tulipochokana tukaingia bafu la mvuke, wanawake kwanza,
tukatoka wekundu, tumesameheana vitu vidogo:
taulo, rimoti, pai ya mwisho.

Mgeni siku mbili.
Ya tatu ilipofika, badala ya jembe Bibi alitugawia makoleo,
tukachimba njia hadi barabarani,
tukarudi na kiu, tukafungua bomba:
likakohoa mara moja, likafa.
Limeganda chini ya sakafu.
Kumi na tisa. Choo kimoja.

Mvungu ule unaingia wanaume wawili tu, kwa matumbo,
na wanaoujua ni wawili tu.
Wakatambaa na kikausha nywele cha Sylvi,
waya mrefu ukiwafuata kama kitovu.
Nilishika tochi mlangoni mwa shimo, nikasikia:

"Shika."
"Nimeshika."
"Siyo hapo."
"Ni hapohapo. Mzee alikuwa anasokota magazeti hapa."
"Gazeti lake hili."
"La lini?"
Kimya. Kikausha nywele kikivuma.
"Siku uliyovunja dirisha la kanisa."
"Uliyovunja *wewe*."

Mmoja wao akacheka.
Sikujua ni yupi;
gizani kicheko hakina sahihi.
Kisha maji yakapiga chafya kwenye sinki juu,
na nyumba nzima ikashangilia, paka akakimbia.

Usiku wakalala migongo ikiangaliana, kama kawaida.
Msitu haukurudi.
Aliyeununua ameshaukata, nasikia, hadi kwenye kijito.

Jumapili kila gari lilipewa furushi la karatasi ya fedha
lenye jina kwa mwandiko wa Bibi, wa kulala, wa shule ya zamani.
La kwetu lilikuwa na kidonge kingine ndani,
kimeandikwa KARL, herufi kubwa, za seremala.
Shingo ya bata mzinga.
Ile waliyopigania tangu utotoni, meno kwa meno.

Baba aliitafuna maili thelathini bila neno,
akaweka mifupa kwenye kikombe cha kahawa,
akapangusa vidole kwenye suruali yake ya mawindo.
"Mwambie Arvo—" akaanza.
Nikasubiri.
Akaongeza joto la gari,
akatazama barabara, nyeupe hadi mwisho,
na hakumaliza.