Daftari la Somoe

Nilipanda Newala na faili la kilo mbili:
hati za malipo, risiti, picha ya utepe ukikatwa,
na sentensi moja yenye muhuri:
Mradi umekamilika kwa asilimia mia.

Nikafungua bomba.
Likakohoa, likatema buibui, likanyamaza.

Nilikuja kutafuta mwizi. Nasema kweli, nilimtamani.
Nikahesabu mifuko ya saruji, nikapima mtaro kwa futi kamba,
nikamkalisha mtunza stoo, Bwana Nampembe,
hadi jasho likamtoka kama aliyebeba gunia la korosho.
Kila shilingi ilikuwepo.
Kila shilingi ilikuwa na baba na mama.
Maji tu ndiyo yatima.

Ndipo akaja katibu wa kamati, Somoe Chitanda,
na daftari la shule, jalada limeliwa na mchwa.
"Uliomba vyenye muhuri," akasema. "Hili halina."

*Juma la tatu. Valvu imefungwa kinyume,
mshale unatazama bondeni. Nimemwambia fundi. Kasema haya.*

*Juma la tano. Mshale bado.*

*Juma la tisa. Wageni wa tathmini wamekuja.
Wamekula kuku. Bondeni hawakushuka.*

Tukashuka, mimi, yeye na spana ya kuazima,
viatu vyangu vya ofisini vikinisaliti kila kona.
Mshale ulikuwa pale pale, mwekundu, mtiifu,
ukiyaamuru maji yarudi yalikotoka.

Wahenga walituonya: usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sisi tumeongeza la kwetu:
tunausubiri ukuta uanguke,
kisha tunaupima ufa kwa sentimita
na kuuambatisha, kiambatisho namba saba.

Saa kumi pampu ikanguruma, maji yakapanda,
rangi ya udongo wa Makonde.
Hakuna aliyepiga vigelegele.
Wanawake walitazama ndoo, wakinong'ona hesabu:
mia tano kwa ndoo, miezi kumi na minne.
Fomu yangu haina safu ya jumla hiyo.

Niliandika pendekezo moja tu:
tuje mtaro ungali wazi,
na daftari hili lisomwe kila Ijumaa, kabla fundi hajalipwa.
Nikampa alipitie.
Alisahihisha tarehe, hakunirudishia kalamu,
akafungua ukurasa wake:

*Juma la sabini na mbili. Mkaguzi amekuja.
Bondeni ameshuka.
Amechelewa.*